Umedaiwa mkopo usioukopa? Kabla ya yote, tafuta RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi

Mkuu uliyeuliza ufanyeje baada ya kupigiwa na kampuni ya mikopo ikikudai hela usiyowahi kukopa, pole sana. Mimi yalinikuta 2022 hapa Mwanza. Kwangu haukuwa mkopo, ila mzizi ni uleule: mtu alikuwa anatembea na jina langu.

Nilikuwa Mwaloni Kirumba napakia magunia ya dagaa, mteja wangu wa Geita akapiga: "Hela umeipata?" Hela gani? Kumbe alipokea ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Akajaribu kutuma, likatokea jina langu, majina yote matatu. "Ni jina lako, ningeulizaje mara mbili?" Nikapaniki, nikazima simu siku mbili. Usinifuate hapo. Siku hizo mbili soko zima lilishaamua kwamba mwizi ni mimi.

Nilipotulia, nikapiga *106# na kuangalia namba za simu zilizosajiliwa kwa NIDA yangu, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Nikakuta laini mbili nisizozijua. Fanya hivyo kwa kila mtandao peke yake, ili usiache laini yoyote. Piga picha ya kila kinachotokea. Ndipo nikakumbuka yule kijana wa mwavuli aliyenisajilia laini pale Buzuruga: "Bro kidole hakijasoma, bonyeza tena." Nilibonyeza mara tatu. Sikudondosha kitambulisho wala sikutaja PIN, kidole tu kilitosha kusajili laini nyingine kwa jina langu.

Sasa, watu watakwambia kimbilia dukani ukafute hizo laini. Subiri kwanza. Nenda polisi upate RB yenye tarehe, namba za laini zikiwa zimeandikwa humo. Tarehe hiyo ndiyo itakayokutetea kwa lolote litakalofanywa baadaye kwa jina lako. Kaunta niliambiwa, "Malizana na huyo anayekudai." Sikuondoka. Nilieleza kwa upole kwamba kujifanya mtu mwingine kwenye mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Afande aliguna, akaandika.

Ukishaipata, nenda duka lenyewe la mtandao, siyo kwa wakala, ukiwa na kitambulisho na RB. Zikane zile laini, waambie si zako wazifute. Uliza zilisajiliwa lini, wapi, na wakala gani. Wakikataa kukupa, omba wampe polisi. Namba iliyotapeli itume pia kwa meseji kwenda 15040.

Kwa upande wa mkopo, usilipe hata mia "ili wakuache". Ukilipa watasema umeukubali. Waandikie barua, ambatisha RB, wadai nakala ya mkataba na namba iliyopokea hela. Hapo wengi hupoa, maana hela haikuingia kwako. Omba pia ripoti yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu (BoT), uone kama kuna deni jingine limelala humo. Wakianza kuwatumia ndugu zako meseji za kukuaibisha, hifadhi kila moja, upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya 2022.

PIN badilisha, ndiyo, lakini hiyo ni dakika mbili. Namba ya NIDA ni tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, na hiyo utaishi nayo. Ndiyo maana siku hizi kopi ya kitambulisho naichora mstari katikati na kuandika imetolewa kwa kazi gani na lini. Nilishawahi kununua karanga Makoroboi zimefungwa kwenye kopi ya kitambulisho cha mtu, sura inaonekana vizuri kabisa.

Yule mteja wa Geita nilimpelekea nakala ya RB kwa dereva wa gari la dagaa. Hela yake haikurudi. Mzigo aliendelea kuchukua kwangu, ila mpaka leo kabla ya kutuma hela ananipigia kwanza, na lazima asikie sauti yangu.