Rais huteua, wala hamtumbui mtu

SWALI: Mwalimu, redio moja ya hapa Mwanza ilitangaza kwamba Rais "amemchagua" mkuu wa wilaya mpya baada ya yule wa awali "kutumbuliwa". Jirani yangu hapa Igoma anasema Rais hachagui, huteua. Tumebishana hadi tukachoka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Jirani yako. Katika habari za utawala, kuchagua ni kwa kura na kuteua ni kwa mamlaka. Hamna haja ya kwenda mbali. Meya wa Jiji la Mwanza, ambaye ndiye mwenyekiti wa Baraza la Madiwani, huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi wa Jiji, katibu wa baraza hilohilo, huteuliwa na Rais. Mbunge wa Nyamagana huchaguliwa, Mkuu wa Wilaya ya Nyamagana huteuliwa. Teua ni neno la zamani lenye maana ya kutenga kilicho bora kutoka katika vingi, ndipo tukapata mteule na uteuzi. Anayesema "Rais kamchagua fulani" akiwa kijiweni simkamati, maana kila mtu anamwelewa. Mtangazaji namkamata, kwa sababu msikilizaji ana haki ya kujua kama kiongozi wake alipigiwa kura au hakupigiwa.

Lakini katika swali lako kuna neno jingine mmelipita bila kubishana, nalo ndilo linalonikera kuliko hilo la kwanza: "kutumbuliwa".

Kutumbua ni kupasua kitu kilichovimba au kilichojaa ili kilichomo kitoke. Jipu hutumbuliwa, usaha ukatoka. Samaki naye hutumbuliwa, na hapo kando ya ziwa hakuna asiyelijua hilo. Anayetumbua sangara huingiza kisu tumboni kwa uangalifu, maana kisu kikizama sana hutoboa bondo, yaani ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki, na bondo lililotoboka halina tena bei ileile. Siasa ililichukua neno hili mwishoni mwa mwaka 2015, Rais John Magufuli, mtu wa Chato, ng'ambo ya ziwa kutoka kwenu, alipoanza kuzungumzia kutumbua majipu serikalini. Msemo ulikuwa kamili: jipu lilitajwa, na kitendo kilitajwa. Baada ya miezi michache jipu likaachwa, kitendo kikamrukia mtu. Sasa tunasikia "Rais amtumbua mkurugenzi", "DC atumbuliwa", "kumi watumbuliwa".

Hebu tazama sentensi hiyo inasema nini. Kinachotumbuliwa ndicho kilichooza. Ukisema mkurugenzi katumbuliwa, umekwisha kumhukumu kuwa ndiye uozo, kabla hujasoma barua inayomhusu. Barua nyingi hazisemi hivyo. Utakuta "uteuzi wake umetenguliwa", nukta. Au utakuta "atapangiwa kazi nyingine", na baada ya muda mtu huyohuyo anateuliwa mahali pengine. Sasa mwambie mtoto wa shule aeleze jipu lililotumbuliwa Jumatatu linapangiwaje kazi nyingine Ijumaa.

Na hasara kubwa zaidi ni kwamba neno hili moja limemeza maneno sita au saba tuliyokuwa nayo, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Kutengua uteuzi ni kuondoa mamlaka yaliyotolewa, kwa sababu iliyotajwa au isiyotajwa. Kuhamisha ni kumbakiza mtu na cheo akakitumikie pengine. Kusimamisha kazi ili kupisha uchunguzi maana yake uchunguzi haujakwisha, na mtu anaweza kurudi mezani kwake. Kufukuza ni adhabu. Kustaafishwa kwa manufaa ya umma ni jambo jingine tena. Kujiuzulu ni mwenye cheo kukiachia mwenyewe. Mhariri anayeandika "atumbuliwa" kwa yote haya amemnyima msomaji habari yenyewe.

Kosa hili linauma zaidi linapogusa Bunge, kwa sababu huko mipaka ya mamlaka ya Rais imeandikwa. Waziri Mkuu huteuliwa na Rais chini ya ibara ya 51 ya Katiba, ila hashiki madaraka hayo mpaka uteuzi wake uthibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Hapo vitenzi ni viwili, Rais ameteua na Bunge limethibitisha, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Mawaziri hawathibitishwi na Bunge: Rais huwateua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, kutoka miongoni mwa wabunge, nao huapa kabla ya kushika madaraka. Waziri uteuzi wake ukitenguliwa, kinachoondoka ni uwaziri. Ubunge wake unabaki palepale; kama ni mbunge wa jimbo, tuseme Sengerema au Magu, si Rais aliyempa. Kwa hiyo "mbunge fulani atumbuliwa" ni habari ya uongo, hata kama mwandishi hakukusudia kudanganya.

Februari 2008 Edward Lowassa, Waziri Mkuu, alijiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Hakutenguliwa. Kiti chake kilipokuwa wazi, mawaziri wote nao walikoma kuwa mawaziri, Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuunda Baraza jipya. Kijana aliyezoea kutumbua angesimulia yote hayo kwa kitenzi kimoja, na asiyekuwapo asingejua kama shinikizo lilitoka Ikulu au Bungeni.

Wapo pia wateule ambao kalamu ya Rais peke yake haiwaondoi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huteuliwa na Rais, lakini kumwondoa kabla ya muda wake, ibara ya 144 inataka tume maalumu ya uchunguzi. Majaji nao wamewekewa kinga ya namna hiyo. Ukiandika "kumtumbua Jaji", umewazoesha watu kuamini kwamba kinga hiyo haipo.

Vyama navyo vimeambukizwa. Juzijuzi kila mwanachama aliyekorofishana na uongozi "ametumbuliwa". Chama huonya, husimamisha, huvua mtu uanachama. Na mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kinachomwondolea kiti ni ibara ya 71 ya Katiba.