Saa 15 hewani na goti bovu: nikae kiti gani?

Swali: Hujambo, mtaalamu. Mwezi ujao nasafiri moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, daraja la kawaida. Nina urefu wa futi sita na inchi tatu, na goti langu la kulia liliumia uwanjani, halikunji vizuri. Marafiki wanasema ning'ang'anie kiti cha mlango wa dharura. Nifanyeje? – Msomaji, Umoja

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Hao marafiki wanafikiria urefu wako, goti wamelisahau. Anayekaa kwenye mlango wa dharura anatakiwa aweze kuufungua na kuwasaidia wengine kutoka. Mhudumu akikuona unachechemea, atakuhamisha, hata kama kiti ulikilipia. Isitoshe, viti hivyo huwa vyembamba kidogo kwa sababu meza ya chakula hufichwa ndani ya mkono wa kiti, na wanaosubiri choo hupenda kusimama papo hapo.

Safari hiyo Kenya Airways huifanya kwa Boeing 787, ile Dreamliner. Daraja la kawaida lina viti tisa kila safu: vitatu, njia, vitatu, njia, vitatu. Wengi wakitaka kukaa kando ya njia huchukua cha kundi la dirishani. Hapo una watu wawili kati yako na dirisha, na kila mmoja akibanwa na haja ni lazima uamke. Kundi la katikati lina njia pande zote mbili, kwa hiyo anayeweza kukusumbua ni mmoja tu, na hata yeye anaweza kupitia kwa jirani wa upande wa pili. Kwa saa 15 hivi, tofauti hiyo utaiona.

Sasa goti. Chukua kiti cha kulia cha kundi hilo la katikati, ukiwa umetazama mbele. Mguu wa kulia utaunyoosha njiani taa zikizimwa. Kigari cha chakula kikija, urudishe haraka, maana kile hakina breki za huruma.

Inchi 31 au 32 ambazo shirika hutangaza kwa kila kiti si nafasi ya magoti. Ni umbali kutoka kiti hadi kiti, unene wa kiti cha mbele ukiwa ndani yake. Kaa nyumbani mgongo ukiwa ukutani, upime mpaka ncha ya goti: inchi 32 ni sentimita 81, na si zote zako.

Safu ya mwisho kabisa iache. Mara nyingi viti vyake havilali nyuma vizuri. Mabawani ndiko ndege hutikisika kidogo zaidi, ukiwa mtu wa kichefuchefu.

Kiti ukichague unaponunua tiketi, hata kwa ada. Ukisubiri kujiandikisha kwa safari mtandaoni (check-in) siku moja kabla, utakuta vimebaki vya kubanwa kati ya watu wawili. Wiki ya safari fungua tena ramani ya viti: ndege ikibadilishwa, namba yako inaweza kuangukia kwingine.