Bundi wa ghalani: mbona hasikiki akiruka?

SWALI: Kwenye kenchi za ghala letu la korosho hapa Nachingwea amehamia bundi mweupe, uso kama moyo. Akikupita kichwani husikii kitu, lakini usiku kule juu kunakoromwa kama mtu. Wazee wanasema ni uchuro, auawe. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usimuue. Huyo ni ndege kama kuku wako, na siri ya ukimya wake iko kwenye manyoya. Ukiokota unyoya wa bawa lake, ule wa pembeni kabisa, pitisha kidole ukingo wa mbele: utagusa vijino laini kama vya chanuo. Hivyo ndivyo vinavyoupasua upepo usivume. Juu yake kuna malaika kama mahameli, ili manyoya yasikwaruzane, na ukingo wa nyuma una matamvua. Uweke kando ya unyoya wa kuku uone tofauti.

Ukimya huo unamficha kwa panya, na pia unamwezesha kusikia huku anaruka, maana huyu anawinda kwa masikio. Uso wake ni ungo wa kunasa sauti. Tundu la sikio la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia, hivyo mchakacho wa panya haufiki sawasawa pande zote mbili, na kwa tofauti hiyo anajua panya yuko juu au chini. Mtafiti Roger Payne wa Marekani alimjaribu kwenye chumba chenye giza totoro, panya alikamatwa. Macho hayazunguki, ndiyo maana anageuza shingo nzima: ina pingili 14, yetu 7.

Mkoromo unaousikia ni makinda wanadai chakula. Asubuhi angalia chini ya kenchi, utakuta vibonge vyeusi vya manyoya. Hicho si kinyesi. Ni mabaki anayoyatapika baada ya kumeza panya mzima. Loweka kimoja kwenye maji, kichambue kwa kijiti, uhesabu mafuvu ya panya. Waite wazee wahesabu nawe.

Magunia yafunike turubai, maana kinyesi chake kinachafua kweli. Na tafadhali sana, usiweke sumu ya panya ile inayozuia damu kuganda. Panya aliyeila hukawia kufa, bundi humdaka akiwa amelegea, naye akavuja damu ndani kwa ndani, makinda pia. Tega mitego.