Ngoma zako ngapi kwenye miksi ya redio?

Vijana wanaoniletea miksi kwa ajili ya kipindi changu cha usiku wamegawanyika. Wapo wanaoona haya kuweka hata ngoma moja waliyoitengeneza wenyewe. Wapo wanaojaza saa nzima kazi zao tupu, na jingo la jina lao likipita juu kila baada ya dakika mbili, utadhani tutawasahau. Hawa wa pili wameongezeka sana tangu amapiano ituingie. Afrika Kusini maprodyuza wana desturi ya kuachia miksi ya kazi zao asilimia mia, zilizotoka na zisizotoka, na mashabiki huzisubiri kama mechi ya watani wa jadi. Kijana wa Tabata akiona hivyo anajiuliza: kwani mimi nimepungukiwa nini?

Hujapungukiwa, mdogo wangu. Ila kwa redio ya kawaida, hii ya masafa, nakushauri usifanye hivyo.

Mtu anayefungua miksi ya prodyuza YouTube kamfuata yule prodyuza. Kaandika jina lake, kabonyeza, katulia. Anayesikiliza redio saa nne usiku hakukufuata wewe. Ni fundi cherehani anayemalizia nguo ya harusi, ni mlinzi getini, ni dereva aliyekwama foleni ya Mwenge. Hakujui, hana deni na wewe, na kidole chake kiko karibu na kitufe. Kinachomzuia asihame ni wimbo anaoujua, au unaofanana na anaoupenda. Ukishamshika kwa huo, unaweza kumpitishia wako na akaupokea bila hata kujua kwamba ni wako. Ukimpa vitu vigeni kumi mfululizo anahama, na hata hatasema miksi ilikuwa mbaya. Atasema tu leo redio imepoa.

Halafu kuna suala la sauti, na hapa ndipo wengi hawafikirii kabisa. Prodyuza mmoja ana tabia zake. Ngoma ya chini ni ileile uliyoipenda mwaka juzi, sheka (ile sauti ya kayamba) ileile, kinanda kwenye funguo ileile kwa sababu vidole vimeshaizoea, na kila wimbo unafunguka baada ya baa 32, yaani mafungu 32 ya mapigo. Chumbani kwako, ukiwa na spika nzuri, unasikia tofauti kubwa kati ya wimbo wa kwanza na wa tano kwa sababu wewe ndiye uliyehangaika nazo. Lakini kabla sauti haijafika kwenye mnara, inapita kwenye mtambo wa kuibana: palipo chini panapandishwa, palipo juu panashushwa, vyote vinakuwa usawa mmoja. Kisha inatokea kwenye kiredio cha dukani chenye spika moja ndogo isiyoweza kutoa besi ya chini. Zile besi tano ulizozichonga kwa siku nzima, pale dukani hazipo. Kilichobaki ni sheka na kinanda, na vyote vinafanana. Msikilizaji anahisi wimbo mmoja haujaisha tangu saa tatu.

Kwa hiyo ukitaka kujua ngoma yako imesimama au haijasimama, ipige katikati ya kazi mbili za watu wengine zilizofanyiwa mastaring (usawazishaji wa mwisho wa sauti) vizuri, kisha isikilize kutoka kwenye redio yenyewe. Usisikilize kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti studioni. Mimi huwa namwomba mtu wa nyumbani arekodi kwa simu, redio ikiwa jikoni, sufuria zikigongana. Ile rekodi mbovu inanifundisha kuliko spika zangu zote: sauti ya mwimbaji imezama, hai-hati (yale matoazi ya ngoma) inachoma masikio, utangulizi mrefu mno. Ukizungukwa na kazi zako mwenyewe hutajua, maana zote zina kasoro ileile na masikio yataichukulia kuwa ndiyo hali ya kawaida.

Ngapi, basi? Kama jina lako bado halijulikani, mbili kwa saa zinatosha. Kama nyimbo zako tayari zinapigwa na madijei wengine, nne, tano ukitaka. Usiweke yako ya kwanza, kwa sababu mtangazaji ataongea juu yake. Usiweke ya mwisho, kwa sababu tangazo la biashara au taarifa ya habari itaikata shingo. Iweke ya tatu au ya nne, watu wakiwa wameshakaa. Na usiitangulize na kibao kinachotamba mwaka huu. Yako itaonekana imekonda. Tafuta wimbo unaojulikana lakini umepoa kidogo, wenye kasi na funguo zinazokaribiana na zako, uwe ndiyo mlango wako.

Kama kipindi ni chako mwenyewe, jambo ni zito zaidi. Ule muda wa hewani si mali yako, umekabidhiwa. Marekani walishapitia haya. Alan Freed, dijei aliyeipandisha rock and roll hewani, alikuwa ameandikwa kama mmoja wa watunzi wa wimbo wa kwanza wa mwanamuziki Chuck Berry wa mwaka 1955, na huohuo akawa anaupiga kwa nguvu kwenye kipindi chake. Kila ulipopigwa, naye ana fungu lake. Ilipofika 1959 na 1960 Bunge lao likawa linachunguza madijei waliokuwa wakilipwa ili kupiga nyimbo, na Freed hakupona. Mwaka 1962 alikiri mashtaka ya rushwa ya kibiashara. Sisemi kwamba wewe na kipindi chako cha saa moja ni Freed. Nasema mirabaha ipo, na mwenye zamu ya studio anayejipigia mwenyewe kila wiki anajilipa kwa mlango wa nyuma, hata kama ni shilingi za soda. Isitoshe, maprodyuza wenzako wanasikiliza. Wakiona inbox yako inameza nyimbo zao na hewani hutoka zako tu, wataacha kukutumia, nao hawatapiga zako kwenye sherehe zao. Nyimbo zangu nyingi zilizofika mbali zilibebwa na madijei ambao mimi nilianza kuwapigia zao.

Kuna mahali ninakubali asilimia mia, na ninakubali kwa moyo mmoja. Ni pale ulipoitwa kama prodyuza. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, kutoka studio ya Sisso, Mburahati, masikio ya nje yaliamka. Redio za intaneti kama NTS ya London, iliyoanza 2011, zina nafasi kwa kitu cha aina hiyo. Kijana wa Dar akiombwa na watu kama hao saa moja ya singeli, kisha akajaza house za Ulaya ili aonekane msomi wa muziki, ametupa bahati yake. Wanazo hizo kwao. Na kwa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika utachanganya na nini kingine? Hata hivyo, ule mkusanyiko uliofungua mlango haukuwa wa mtu mmoja. Ulibeba maprodyuza na maemsii kadhaa wa mtaa mmoja, na nadhani ndiyo maana ulieleweka kama mtindo na si kama kioja cha kijana mmoja. Ukiitwa, nenda na kazi zako, lakini chukua na za jirani.

Watu hunitajia pia dijei na prodyuza Ricardo Villalobos, ambaye mwaka 2007 aliupa mfululizo wa sidii za miksi wa klabu ya Fabric ya London toleo la 36 lenye kazi zake tupu. Kweli. Lakini wakati huo alikuwa na jina kubwa Ulaya, na ile ilikuwa sidii ambayo mtu anainunua kwa hiari yake.

Angalizo moja kwa wanaotuma miksi kwenye redio za intaneti zenye wasikilizaji Marekani. Sheria yao ya hakimiliki ya 1998 inaweka masharti kwa vituo vinavyotumia leseni ya jumla, ile isiyohitaji kumwomba kila mwenye wimbo: ndani ya saa tatu, msanii mmoja asizidi nyimbo nne, na zisizidi tatu mfululizo. Kama nyimbo ni zako na hujauza haki zake, unaweza kuruhusu zaidi, lakini mfumo wa kompyuta hausomi moyo wako. Waulize kabla, wape ruhusa kwa maandishi, usije ukashangaa miksi yako haisikiki huko.

Upande mwingine, nakiri kwamba kazi zako mwenyewe zinakupunguzia usumbufu wa miksi kufutwa mtandaoni kwa sababu ya hakimiliki. Hiyo ni faida halisi. Weka basi miksi ya kazi zako tupu kwenye ukurasa wako, wanaokufuata waipate huko, na redioni peleka ile ya mchanganyiko.

Ukinitumia mimi, tuma faili la WAV na orodha ya nyimbo yenye majina ya watunzi, zako na za wenzio. Kama uko Tanzania na ngoma zako hazijasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, anza na hilo kabla ya kunitafuta. Na lile jingo la jina lako liweke mara moja mwanzoni. Ukilipitisha juu ya wimbo wa mtu mwingine, miksi yako sitairusha.