Kabla hujamchapa mtoto wa mbwa, tazama kinyesi chake

Mbwa wangu wa kwanza hapa Busia nilimnunua akiwa na wiki tano. Muuzaji aliapa kwamba keshaacha kunyonya. Nikampa posho, yaani ugali, na maziwa ya ng'ombe. Siku ya tatu akaharisha. Nikakimbilia duka la dawa, nikauziwa antibayotiki bila mtu kumtazama. Akapona, akaharisha tena, nikarudia dawa ileile. Mara tatu katika miezi miwili.

Alipofikisha miezi sita alikuwa akishtuka bodaboda ikipita, anakula udongo, na ukisogelea bakuli lake ananguruma. Nilimchapa. Jirani yangu, afande mstaafu, aliona tumbo lilivyofura akasema, "Kijana wangu, huyu si mkorofi. Anaumwa."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe utumbo na ubongo hupashana habari kupitia neva, na serotonini, kemikali inayohusika na utulivu wa hisia, kwa sehemu kubwa hutengenezwa ndani ya utumbo. Bakteria wazuri wa tumboni huanza kujijenga tangu siku za mwanzo, na antibayotiki huwavuruga. Na ni kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa anapozoea watu na kelele. Wangu aliyazoea hayo yote tumbo likimkata. Sisemi tumbo peke yake ndilo lililomharibu. Kutolewa kwa mama mapema kulichangia, na fimbo yangu pia.

Wa pili nilimwacha kwa mama yake hadi wiki ya 8. Minyoo huwaingia tangu tumboni mwa mama na kupitia maziwa, kwa hiyo dawa yake ilianza wiki ya 2, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili. Nilimwomba mwenye mbwa chakula alichozoea, nikakichanganya na changu kidogokidogo kwa siku kumi: posho laini, mukene, yaani dagaa, iliyooshwa mchanga na kuchemshwa, nyama kidogo. Unga wenye ukungu tupa, sumu yake huua mbwa. Antibayotiki mwachie daktari wa mifugo, na akiharisha damu usingoje kesho, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Huyu wa pili, binti yangu hutia mkono kwenye bakuli lake naye mbwa anatikisa mkia. Yule wa kwanza bado ninaye. Anakulia nyuma ya nyumba, peke yake, na hatumsogelei mpaka amalize.