Makombe ndani ya jiwe la Pongwe

SWALI: Ninaishi Pongwe, Tanga. Mafundi wangu wanachimba shimo la choo, na walipofika kama futi kumi wakakuta jiwe la chokaa lililojaa makombe na vipande vya matumbawe. Ustadhi wa mtaani na mchungaji jirani, ambao sijawahi kuwaona wakiafikiana, safari hii wamekuwa kauli moja: ni gharika ya Nuhu. Mwanangu wa kidato cha sita anawacheka, anasema jiolojia ilishaizika dini zamani. Kuna na bwana mmoja anataka laki tatu akapime jiwe kwa kaboni ili ubishi uishe. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa laki tatu mwonyeshe mlango kwanza, hao wengine tutazungumza nao kwa adabu.

Kaboni ile inayopimwa hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikishapita miaka 50,000 hivi, iliyobaki haipimiki tena. Jiwe lako ni la ukanda uleule wa chokaa wenye mapango ya Amboni, la kipindi cha Jura, kilichokwisha miaka milioni 145 iliyopita. Kulipima kwa kaboni ni kupandisha lori la mkonge kwenye mizani ya sonara. Miamba mikongwe hupimwa kwa urani inayogeuka polepole kuwa madini ya risasi ndani ya zirkoni, chembe ndogo ngumu za madini, nazo huzipati kwenye kombe. Hutafutwa kwenye majivu ya volkano yaliyonaswa baina ya matabaka. Kombe hujulikana umri kwa aina yake, likilinganishwa na wenzake wa mahali palipokwishapimwa. Kila mwaka naletewa mtu aliyelipia “kipimo” cha namna hii, na kila mwaka karatasi aliyopewa ina muhuri mkubwa kuliko maelezo.

Sasa gharika. Sina ugomvi na Nabii Nuhu. Ninachouliza ni jiwe limekaaje. Waulize wavuvi wa Pangani matumbawe hufanya nini mto ukimwaga tope baharini: hufunikwa, yakafa. Yanataka maji maangavu na miaka mingi, kizazi kikijenga juu ya mifupa ya kizazi. Gharika huleta tope, magogo na kokoto, vyote vimevurugika. Ukikuta chokaa safi, tabaka juu ya tabaka, na matumbawe mengine bado yamesimama pale yalipoota, hapo palikuwa na bahari tulivu kwa muda mrefu sana. Baadaye nchi ikainuka, na maji ya mvua yakaanza kuila chokaa polepole hadi yakachonga mapango.

Lakini anayenikera zaidi ni kijana wako, na nasema hivi nikiwapenda vijana. Hiyo hadithi ya jiolojia na dini kupigana ngumi tangu siku ya kwanza ameiokota wapi? Al-Biruni, aliyeandika karne ya 11, aliona mawe ya mito ya India ni makubwa karibu na milima, yanapungua kadiri mto unavyokwenda, na karibu na bahari umebaki mchanga. Akasema tambarare ile yote ilikuwa bahari, ikajazwa na mashapo ya mito. Ni mwanachuoni wa Kiislamu huyo, na hakuna aliyemtaka achague kati ya mto na msahafu.

Ulaya nako, mwaka 1666, Nicolas Steno, tabibu wa Denmark, alipasua kichwa cha papa mkubwa aliyevuliwa karibu na Livorno, Italia. Meno ya papa yule yalifanana kabisa na mawe fulani ambayo watu wa Malta waliyaita ndimi za nyoka waliolaaniwa na Mtume Paulo, na ambayo yaliuzwa kama kinga ya sumu. Steno akasema haya ni meno ya papa wa kale, yamegeuka jiwe. Mwaka 1669 akatoa kanuni tunayoitumia hadi leo: tabaka la chini ndilo lililotangulia. Miaka minane baadaye akawa askofu.

Hata ile miaka elfu sita wanayobishania watu ina historia yake. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland alipiga hesabu mwaka 1650 akapata dunia iliumbwa Oktoba 23, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ilikuwa kazi ya msomi, ya kujumlisha vizazi na tawala. Tangu 1701 tarehe hiyo ikaanza kuchapwa pembezoni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakaja kuona maandishi ya pembeni ni aya. Tafuta tarehe hiyo katika maandiko yenyewe, ya Wakristo au ya Waislamu, hutaiona.

Waliokuja kuiondoa gharika kwenye vitabu vya jiolojia pia walikuwa makasisi. William Buckland wa Oxford alichunguza pango la Kirkdale, Yorkshire, huko Uingereza, lililojaa mifupa ya fisi na tembo. Alimpa fisi hai mifupa ya ng'ombe aitafune, akalinganisha alama za meno, akajua mifupa ile ililetwa pangoni na fisi walioishi mle, haikusombwa na maji kutoka mbali. Tope la juu ndilo alilolihesabia gharika, katika kitabu chake cha 1823. Mwaka 1836 akaiacha hoja hiyo. Adam Sedgwick wa Cambridge, kasisi mwenziwe, alikuwa ameshaikana hadharani mwaka 1831 mbele ya wanajiolojia wa London, akabaki kasisi hadi kufa. Nani alizikwa hapo?

Anayenifaa mimi ni mtu anayeliangalia jiwe kabla hajalisemea, awe na kanzu, kola au miwani ya maabara. Wenye haraka ndio wanaotuumiza. Tanga hii nimeona jiwe lenye mstari wa kawaida wa mpasuko likiitwa alama ya hazina ya Mjerumani, na familia ikauza ng'ombe kumlipa “mtaalamu” aliyewachimbisha miezi miwili. Nimeona unga wa stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia kwenye dari la pango, ukiuzwa kuwa dawa ya figo. Ni chokaa ileile ya kupakia ukuta! Mawe ya Malta yameondoka, biashara imebaki.

Na nyinyi wanne mmebishana umri wa jiwe, hakuna aliyeuliza maji machafu ya shimo hilo yataelekea wapi. Chokaa ya kwenu ina nyufa na mapango madogo kama ya Amboni. Wenyeji husifia shimo lisilojaa, wakaliita la baraka. Halijai kwa kuwa linavuja, na kinachovuja humo hakichujwi na mchanga wowote. Kinaweza kufika kisima cha jirani ndani ya siku chache. Simamisha mafundi hapo walipofika. Jenga tangi lililosakafiwa chini na kuta, la kunyonywa likijaa, na kisima chochote cha jirani kipimwe maji kabla mtu hajateka ya kunywa. Hizo laki tatu zitatosha kuanzia saruji.