Msuguano wa sanduku kwenye lori: niutoni 137 zimetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuo kikuu, nachukua Fizikia na Hisabati. Kwenye jaribio la mekanika tuliulizwa hivi: sanduku la kilo 40 limewekwa kwenye bodi la lori lililo tambarare. Kizigeu cha msuguano tuli kati ya sanduku na bodi ni 0.35. Lori linaondoka kwa mchapuko wa 2 m/s² na sanduku halitelezi. Tafuta kani ya msuguano, ukubwa na mwelekeo. Nilizidisha 0.35 × 40 × 9.8 nikapata niutoni 137, nikaandika kwamba inaelekea nyuma kwa sababu msuguano hupinga mwendo. Nimepewa sifuri kati ya alama 6! Fomula ni ileile ya kidato cha sita, na kule nilifaulu vizuri. Tena nikiwa nimesimama kwenye daladala ikiondoka, mimi mwenyewe nasukumwa nyuma. Nimekosea wapi? Na je, nikaombe angalau alama za njia?

JIBU: Marahaba. Hebu tulichukue jibu lako tulipeleke kwenye lori lililopaki. Mchapuko sasa ni sifuri, lakini kwenye hesabu yako mchapuko haumo kabisa, kwa hiyo bado utapata niutoni 137 kuelekea nyuma. Sanduku la kilo 40 lenye kani hiyo moja tu ya mlalo lazima lichapuke kwa 137 ÷ 40, yaani 3.4 m/s². Kwa maneno mengine, mizigo ingekuwa inajishukia yenyewe kwenye malori yaliyopaki usiku, na utingo asubuhi angekuta bodi jeupe. Jibu linaloleta kituko cha namna hiyo halihitaji msahihishaji, unaweza kulikamata mwenyewe kabla hujakabidhi karatasi.

Fomula haina kosa, ila umeipa kazi isiyo yake. Kizigeu mara kani ya sakafu (ile ambayo bodi linalisukuma sanduku juu) ni kikomo cha msuguano tuli, kiwango cha juu kabisa unachoweza kufika kabla kitu hakijaanza kuteleza. Chini ya kikomo hicho msuguano hutoa kile tu kinachohitajika. Ukihitajika niutoni 5 unatoa 5, usipohitajika hautoi kitu. Na hii si sheria ya Newton. Ni kanuni iliyotokana na vipimo: mwanafizikia Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza Paris mwaka 1699, miaka 12 baada ya Newton kuchapisha sheria zake, na Mfaransa mwenzake Coulomb akaipanua baadaye katika karne ya 18. Naitaja historia kwa sababu wanafunzi wengi huiweka kanuni hii meza moja na sheria ya pili ya Newton. Ya Newton ndiyo inayoanza, hii ya msuguano huja mwishoni kukagua.

Basi tuanze upya. Chora sanduku peke yake, lori liache nje ya mchoro. Kisha kwa kila mshale unaochora jiulize: nani anayelisukuma au kulivuta? Dunia inalivuta chini kwa niutoni 392. Bodi linalisukuma juu kwa niutoni 392. Nani mwingine analigusa? Hakuna, ni bodi hilohilo, safari hii kwa msuguano. Sanduku halitelezi, maana yake linachapuka pamoja na lori, 2 m/s² kwenda mbele. Kani ya jumla ni tungamo mara mchapuko: 40 × 2 = niutoni 80, kwenda mbele. Kani ya mlalo ni moja tu, kwa hiyo yenyewe ndiyo msuguano. Jibu: niutoni 80, kuelekea mbele. Sasa ndipo 137 yako inapofanya kazi: 80 ni chini ya 137, kwa hiyo kweli sanduku halitateleza. Swali limekwisha.

Najua neno "mbele" linakukwaza. Umefundishwa kwamba msuguano hupinga mwendo, na sentensi hiyo imeharibu karatasi nyingi kuliko kosa lolote ninalolijua kwenye kozi hii. Msuguano hupinga kuteleza kwa nyuso mbili zinazogusana. Bodi lingekuwa na utelezi mtupu, lori lingeondoka na sanduku lingebaki palepale barabarani. Ukilitazama kutoka kwenye lori, limeteleza kwenda nyuma. Msuguano unapinga huko kurudi nyuma, kwa hiyo unaelekea mbele. Kagua kwa nishati kama bado una shaka. Baada ya sekunde 5 lori lina mwendo wa 10 m/s na limekwenda mita 25. Kazi iliyofanywa na msuguano ni 80 × 25 = jouli 2000. Nishati ya mwendo ya sanduku ni nusu ya 40 mara 10 kipeo cha pili, jouli 2000 vilevile. Kasi yote ya sanduku imetokana na msuguano.

Tukiongeza gesi kidogo mambo yananoga zaidi. Mchapuko mkubwa kabisa ambao msuguano unaweza kumudu ni 0.35 × 9.8, yaani 3.43 m/s² (angalia tungamo limejifuta: sanduku la kilo 400 lingekuwa na kikomo hichohicho). Dereva akiondoka kwa 4 m/s², sanduku linateleza. Tuseme kizigeu cha msuguano wa kuteleza ni 0.25. Sasa, na sasa tu, unaruhusiwa kuzidisha moja kwa moja: 0.25 × 392 = niutoni 98, bado kuelekea mbele. Sanduku linachapuka kwa 2.45 m/s² huku lori likichapuka kwa 4, kwa hiyo linaachwa kwa tofauti ya 1.55 m/s². Kama nyuma yake kuna mita 3 za bodi, litadondoka baada ya sekunde 2 hivi. Aliyesimama barabarani ataliona limekwenda mbele karibu mita 4.7 kabla ya kudondoka "nyuma". Hakuna hata nukta moja liliporudi nyuma kwa kulinganisha na barabara.

Hapo ndipo na daladala yako inapoingia. Hakuna aliyekusukuma nyuma. Jaribu kumtaja: kiti? konda? hewa? Sakafu ilichukua miguu yako mbele, kiwiliwili kikabaki na mwendo wake wa awali. Unaweza, ukitaka, kufanya hesabu ukiwa ndani ya lori, lakini utalazimika kuongeza kani bandia (kani ya kwenye hesabu tu, isiyo na anayesukuma) ya niutoni 80 kuelekea nyuma, kisha useme sanduku limetulia, na msuguano utatoka niutoni 80 mbele kama kawaida. Chagua pa kusimama, barabarani au ndani ya lori, usihame katikati ya hesabu.

Usijione wewe ni wa ajabu. Mwaka 1985 watafiti Halloun na Hestenes wa Arizona State University walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo huingia kwenye mekanika na imani zao za mwendo, na mihadhara ya kawaida huzitikisa kidogo sana. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake walitoa mtihani wa maswali ya kuchagua ambao hauna hesabu karibu kabisa, na waliozoea kupata alama kwa fomula walianguka pale. Kwa hiyo kusoma kwako kubadilike hivi: chukua maswali matano uliyokwisha kuyafanya, uyarudie bila kuweka namba yoyote hadi mstari wa mwisho. Msuguano uuite f, usiuandike μN (kizigeu mara kani ya sakafu) mpaka swali liseme kinateleza au kinakaribia kuteleza. Na kani ya sakafu nayo usiibandike uzito kwa mazoea. Ukilivuta sanduku hili kwa kamba ya niutoni 100 iliyoinuka nyuzi 30, kani ya sakafu inashuka kutoka 392 hadi 342.

Kuhusu alama za njia, rudi kwenye karatasi yako utazame. Kama ulichora mchoro wa kani, ukaonyesha uzito na kani ya sakafu niutoni 392, nenda ofisini kwa adabu umwonyeshe mhadhiri. Mimi ningekupa alama moja, pengine mbili. Kama uliandika mstari mmoja tu wa kuzidisha, usijisumbue.